Mali Bila Daftari: Hotuba kwa Wanaojenga na Wanaobomoa

Ndugu mwenyekiti, ndugu wahandisi, wasanifu majengo, wakadiriaji majenzi, makandarasi, na ninyi mafundi mliokubali kuacha kazi asubuhi hii mje kutusikiliza sisi watu wa makaratasi: nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie uchumi wa mzunguko katika ujenzi, yaani kuzitumia nyenzo tena na tena badala ya kuzitupa. Mada hii ina tatizo moja, nalo ni kwamba kila mtu anaikubali. Sijawahi kumsikia mtu akisimama mkutanoni kutetea kifusi. Tunapiga makofi, tunapiga picha ya pamoja, kisha Jumatatu tingatinga linaingia kwenye jengo lenye milango mizima, vioo vizima na chuma kizima, na kufika jioni vyote ni lundo moja. Kwa hiyo leo sitawahubiria wema wa kutumia vitu tena. Nitashika jambo moja tu linalotukwamisha: nyenzo tunazo, ila habari zake hatuna. Wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, walikuwa wakisema na wafanyabiashara. Sijui kama kuna mali inayopotea hivyo kwa wingi kuliko majengo yetu.

Tuanze na chuma, maana kwenye chuma mambo yako wazi zaidi.

Chukueni mhimili uliokaa juu ya ghala miaka 40. Ulikaa ndani, mvua haikuugusa, haukupinda, kutu ni ya juu juu tu. Ghala linabomolewa. Kwa nini mhimili huo unauzwa kwa kilo kama chuma chakavu? Haujachoka. Unauzwa kwa kilo kwa sababu mhandisi wa jengo jipya ana maswali ambayo hakuna wa kumjibu: ni chuma cha ubora gani, umetoka kiwanda gani, umebeba mzigo wa namna gani, uliwahi kuungua? Hawezi kutia saini. Na tusimlaumu. Dawa iliyomo kwenye chupa isiyo na lebo huenda ni nzuri kabisa, lakini nani atameza?

Sasa tazameni habari hizo zinavyopotea, maana hazipotei kwa bahati mbaya kubwa, zinapotea kwa uzembe mdogo. Kiwandani kila myeyuko wa chuma hupewa namba. Namba hiyo inaandikwa kwenye cheti pamoja na kemikali zilizomo na nguvu iliyopimwa, na inawekwa pia kwenye mhimili wenyewe. Mhimili wa mita 12 unafika karakana, unakatwa: mita 7 zinakwenda upande mmoja wa jengo, mita 5 upande mwingine. Namba ilikuwa kwenye ncha moja. Kipande kimoja kinabaki na namba, cha pili hakina jina tena, ingawa dakika tano zilizopita vilikuwa kitu kimoja. Fundi mwenye nidhamu huihamisha namba kabla ya kukata, kwa kugonga stempu au kwa kalamu ya chuma. Ni kazi ya nusu dakika. Halafu inakuja rangi ya kuzuia kutu, inapita juu ya namba zote mbili, na hapo hata yule mwenye nidhamu kazi yake imefunikwa.

Hiyo nusu dakika ikikosekana, gharama yake inalipwa baadaye. Mwaka 2019, Steel Construction Institute ya Uingereza ilitoa mwongozo wa kutumia tena chuma cha majengo, unaojulikana kwa namba P427. Mwongozo huo unahusu chuma kilichosimamishwa baada ya 1970. Vipande vinapangwa kwa makundi yanayofanana, vinapimwa bila kuharibiwa, kisha sampuli zinakatwa na kuvutwa maabara hadi zikatike. Ni utaratibu mzuri, nami nauunga mkono. Lakini angalieni tunachofanya hapo: tunalipia maabara ituambie kile ambacho kiwanda kilikwisha kukiandika kwenye karatasi miaka 40 nyuma. Wanorwe nao, mwaka 2022, walitoa kiwango chao, NS 3682, cha kutumia tena zile slabu za zege zenye matundu ndani. Nako kazi kubwa ni hiyo hiyo ya kuthibitisha upya.

Najua kuna atakayesema chuma hakipotei, kinayeyushwa. Kweli, kinayeyushwa, kwa joto linalopita nyuzi 1,500, kisha kinasafirishwa, kinaviringishwa upya na kuuzwa kama kipya. Tunateketeza nishati yote hiyo ili tupate mhimili unaofanana na ule tuliokuwa nao.

Nigeukie upande ambao watu wa mazingira hawausemi sana, na ambao mimi naona ndio utakaowashika wamiliki wa majengo. Kutojua kilichomo ukutani ni hatari kabla hata ya kuwa hasara. Mwishoni mwa Agosti 2023, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, serikali ya Uingereza ilizitaka shule na vyuo 104 vifunge majengo au sehemu za majengo. Sababu ilikuwa aina ya zege jepesi lenye mapovu ya hewa, lililotumika sana kwenye mapaa kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1990, na ambalo linaweza kuanguka ghafla. Zege hilo halikuwa siri. Liliuzwa kihalali, likaezekwa kihalali, mafundi wakalipwa. Ila hapakuwa na daftari la kusema liko kwenye paa la shule ipi. Yakatumwa madodoso, walimu wakuu wakaulizwa juu ya dari ambazo hawakuzijenga, wakaguzi wakapanda ngazi, wakafungua dari na kuchungulia kwa tochi. Nchi tajiri, yenye kumbukumbu za kila aina, ilitafuta mapaa yake kwa tochi.

Kwa hiyo mtu akiniambia kufuatilia nyenzo ni anasa ya watu wa kijani, namuuliza kama anajua kilichomo kwenye paa lililo juu ya kichwa chake.

Takwimu nazo zinatudanganya kidogo. Katika Umoja wa Ulaya, taka za ujenzi na ubomoaji ni zaidi ya theluthi ya taka zote. Sheria yao ya mwaka 2008 iliweka lengo kwamba kufikia 2020, asilimia 70 ya taka hizo zisizo za sumu, kwa uzito, ziwe zinatumika tena, zinarejelezwa au zinaokolewa kwa namna nyingine. Nchi nyingi zilifikia lengo, nyingine zikalipita. Ukisoma kwa makini unakuta kujazia mashimo nako kunahesabiwa. Na kwa kuwa kipimo ni uzito, tani moja ya zege lililosagwa na kumwagwa chini ya barabara inapata alama sawa na tani moja ya mihimili iliyofunguliwa bolti moja moja na kwenda kubeba jengo lingine. Saruji inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Tunaichoma kwa moto mkali, tunaifanya nguzo, na baadaye tunaisaga iwe kokoto, halafu tunajipongeza. Sisemi kokoto hiyo haina faida. Nasema tusiiite mzunguko, maana saruji mpya bado itachomwa kesho asubuhi.

Kitu ambacho uzito hauwezi kukueleza ni namna nyenzo ilivyofungwa. Tofali lililojengwa kwa udongo wa chokaa unaweza kulitoa zima. Chokaa ni laini kuliko tofali, kwa hiyo unapogonga inaachia, unakwangua, unalipanga tofali lako pembeni. Tofali lililojengwa kwa saruji ya siku hizi linakatika kabla ya saruji kuachia. Kule Copenhagen, Denmaki, kwenye nyumba za mradi wa Resource Rows, wasanifu wa Lendager walikutana na ukuta wa namna hiyo, na wakaamua kuukata kwa msumeno vipande vipande, tofali na saruji yake, kisha vipande hivyo vikawa ngozi ya majengo mapya. Ni akili nzuri, ila uamuzi kama huo unataka ujue mapema. Ukigundua aina ya saruji siku mashine ya kubomolea imekwisha kufika saiti, umechelewa. Kwa hiyo daftari likiandika "tofali, elfu kadhaa" halijasaidia sana. Likiandika limeshikwa na nini na linafikiwa kutoka upande upi, hapo mbomoaji ana pa kuanzia.

Nije sasa kwenye jambo linaloniumiza kichwa zaidi: mahali mnyororo unapokatikia. Watu hudhani unakatika wakati wa kubomoa. Hapana. Unakatika tunapojenga.

Mchoro unasema dirisha la aina fulani. Sokoni halipo. Msimamizi anapiga simu, anapewa ruhusa ya mbadala kwa mdomo, dirisha lingine linafungwa, kazi inaendelea. Insulesheni ya dari, ile ya kuzuia joto, inabadilishwa kwa sababu mzigo umechelewa. Bomba zinapita ukuta mwingine kwa sababu fundi bomba aliona ni karibu. Kila badiliko lina sababu yake, na mengi ni ya busara kabisa. Kisha wiki ya mwisho kijana mmoja ofisini anafungua mchoro wa awali, anabadilisha kichwa, anaandika "kama ilivyojengwa", anachapa, tunamkabidhi mwenye jengo kwa sherehe. Naona mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnamjua huyo kijana, na baadhi yenu ndio mliomtuma.

Wakati huo huo ukweli wote ulikuwepo saiti. Ulikuwa kwa mtunza stoo. Yeye ndiye aliyepokea kila mzigo, akahesabu, akasaini hati, akazitungika kwenye msumari nyuma ya mlango. Hati zile zinataja kiwanda, aina, kiasi na tarehe. Hakuna kumbukumbu ya jengo iliyo sahihi kuliko ule msumari. Mradi ukiisha, mkandarasi akishalipwa, stoo inavunjwa na karatasi zinachomwa pamoja na mifuko mitupu ya saruji. Tukitaka pasipoti ya nyenzo, yaani kumbukumbu ya vilivyomo kwenye jengo, na neno hilo sasa linatumika kila kona, tusianze kwa kununua programu. Tuanze kwa kumpa mtunza stoo simu yenye kamera, muda wa kuitumia, na posho kidogo kwa kazi hiyo. Apige picha ya hati, ya lebo, na ya mahali mzigo ulipokwenda kufungwa. Mtu asiyefaidika na kumbukumbu ataiandika vibaya, nami nisingemlaumu.

Tuandike nini, basi? Hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wanaotaka kila kitu. Benki ya Triodos ilijenga ofisi ya mbao huko Uholanzi, ikakamilika 2019, na imekuwa ikitajwa kila mahali kwa sababu imeshikwa kwa skrubu 165,312 na zinaweza kufunguliwa. Hesabu hiyo inapendeza masikioni. Lakini ninachokithamini kwenye jengo lile ni kwamba viungo havikugundishwa, vimefungwa kwa namna ambayo mtu anaweza kuvifungua. Idadi ya skrubu ningeweza kuishi bila kuijua. Mimi ningeanza na vitu vizito, vitu vya bei, na vitu vya sumu. Mihimili, slabu, ngozi ya nje, madirisha, milango, mitambo ya hewa na umeme, nyaya za shaba. Rangi ya ukuta wa ndani ningeiacha, isipokuwa ina madini ya risasi. Jengo haliishi kwa umri mmoja: fremu yake inaweza kukaa vizazi, vigawanyio vya ofisi vinabadilishwa kila mpangaji anapoingia. Daftari la vigawanyio litaoza haraka, na daftari lililooza ni baya kuliko kutokuwa nalo, kwa sababu mtu ataliamini.

Kuhusu sumu niseme wazi. Mzunguko usiochuja unazungusha na madhara. Asbesto, rangi za risasi, mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki: hivi vyote viliwahi kuwa bidhaa za kawaida dukani. Ubao wenye aseniki ukikauka na kufubaa, kwa macho unafanana na ubao wowote wa zamani. Akiupata mtu wa kutengeneza meza, ataupiga randa na kuvuta vumbi lake. Kazi mojawapo ya ufuatiliaji ni kutuwezesha kukataa.

Teknolojia sitaikalia sana. Msimbo wa QR ni rahisi, lakini unabanduka na unapakwa rangi. Vitambulisho vya redio vinadumu zaidi, ingawa vikikaa karibu na chuma vinahitaji aina yake maalumu. Stempu iliyogongwa ndani ya kitu ndiyo inayoshinda zote kwa umri: matofali mengi ya Roma bado yana muhuri wenye majina ya makonsuli, viongozi wakuu wa dola, wa mwaka 123 BK, na watafiti wanayatumia hadi leo kukadiria umri wa kuta. Kuhusu blokucheini, lile daftari la kidijitali lisilofutika kwa urahisi, naulizwa kila mara. Inaweza kukuhakikishia kwamba maandishi hayajaguswa tangu yalipoandikwa. Kama aliyeandika mara ya kwanza alidanganya, inautunza uongo wake vizuri sana. Jambo la maana zaidi ni kuhifadhi kumbukumbu kwa muundo wa wazi ambao programu yoyote inaweza kuusoma, kama ule wa IFC, wa kubadilishana habari za majengo, uliowekwa kwenye kiwango cha ISO 16739. Jengo linaweza kufika miaka 60. Kampuni ya programu ikifika 20 tunaishangilia.

Sasa soko. Tatizo kubwa la nyenzo zilizotumika ni saa. Anayebomoa anataka kiwanja kiwe wazi wiki hii, na anayejenga atahitaji mihimili mwakani. Katikati kunahitajika ghala, na ghala linakula faida yote. Habari zikifika mapema, ghala linakuwa dogo. Ukijua leo kwamba jengo fulani litafunguliwa baada ya miezi 18, na lina mihimili 60 ya urefu huu na ubora huu, msanifu anaweza kuichora kwenye kazi yake ikiwa bado inabeba paa. Jengo la K.118 kule Winterthur, Uswisi, lililokamilika 2021, lilisanifiwa kinyumenyume namna hii. Watu wa baubüro in situ walitafuta vitu kwanza, wakapata fremu ya chuma kutoka Basel, ngazi ya nje na madirisha kutoka kwingine, kisha umbo la jengo likafuata walichokipata. Ujenzi wake ulipunguza hewa chafu kwa takriban asilimia 60 ukilinganisha na kutumia vitu vipya. Lakini walitafuta kwa miguu na kwa simu, na hilo haliwezi kuwa utaratibu wa kila mradi. Ndiyo maana sajili kama Madaster, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2017 na Thomas Rau, ina maana kwangu: jengo linaandikwa vilivyomo likiwa bado linatumika.

Sheria zimeanza kusukuma. Mji wa Portland, Oregon, tangu 2016 unazitaka nyumba kuukuu za makazi zifumuliwe kwa mkono badala ya kupondwa na mashine. Ufaransa inataka majengo ya zaidi ya mita za mraba 1,000 yakaguliwe na kuorodheshwa vilivyomo kabla ya kubomolewa. Na Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake mpya ya bidhaa za ujenzi, namba 2024/3110, umeweka msingi wa pasipoti ya kidijitali kwa bidhaa hizo. Hii ya mwisho itagusa hata viwanda vilivyo mbali na Ulaya, kwa sababu anayetaka kuuza huko atalazimika kuandika.

Lakini sheria ya kukagua kabla ya kubomoa, pamoja na uzuri wake, ni kumuuliza mzee jina lake akiwa mahututi. Ningependa tuulize mapema, na njia ninayoipendekeza haihitaji bunge. Iko kwenye mkataba. Tuiweke kumbukumbu ya nyenzo kama kipengele kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na vifaa vya mradi, chenye bei yake, kama tunavyoweka uzio wa saiti na maji ya kazi. Na sehemu ile ya malipo inayozuiliwa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, isitolewe yote mpaka kumbukumbu imekabidhiwa na mtu huru amekagua vipande kadhaa kwa kuvifuata hadi ukutani. Makandarasi hapa wananikunjia uso, naona. Lakini kazi yenye bei hufanyika. Kazi inayoombwa kwa hisani huandikwa wiki ya mwisho na yule kijana.

Linabaki swali la nani atunze daftari jengo likishauzwa mara tatu. Mimi nasema liambatane na hati ya umiliki, ili mnunuzi alione, benki ilione, na asiyekuwa nalo apate bei ndogo. Wengine wanataka sajili ya serikali. Wengine wanaogopa kwamba orodha ya nyaya za shaba zilizomo kwenye jengo ni zawadi kwa wezi, na hofu hiyo si ya kupuuzwa: sehemu ya orodha lazima ifungwe.

Wakadiriaji majenzi, kuna hesabu moja siiwezi bila ninyi. Jengo lenye daftari kamili lina thamani kiasi gani zaidi ya jirani yake asiye nalo, siku ya mwisho ya maisha yake, ukitoa gharama ya kulifumua? Wathamini wengi bado wanaandika sifuri, au wanaandika gharama ya kubomoa. Mwenyekiti ananionyesha saa. Nashukuru kwa kunisikiliza, na ningeomba swali la kwanza litoke kwenye meza yenu.